Mwambie mama kabla hela haijatolewa

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari na wazazi wao, Mbeya)

 

Leo sizungumzii malaria wala UKIMWI. Nazungumzia simu ya mama na namba yake ya siri. Mtauliza, hilo nalo ni suala la afya? Ndiyo! Kijana aliyetapeliwa na anaogopa kusema hali vizuri, usiku halali, na darasani yupo mwili tu.

Tuangalie hali ilivyo kwetu. Mama anauza viazi Uyole, mnunuzi anamlipa kwa simu. Kule Iringa, baba anauza mahindi, naye analipwa vivyo hivyo. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, hela ya mavuno, ya mbolea na ya ada yako inakaa humo humo kwenye simu. Na nani anamsomea mama meseji? Ni wewe. Namba ya siri unaijua wewe.

Simu hiyo hiyo ndiyo unayoingilia Facebook na WhatsApp. Unakutana na tangazo: mkopo wa haraka, zawadi, kazi ya kufanyia nyumbani. Unaambiwa ujaze jina, namba ya NIDA, halafu utume tarakimu zilizoingia kwa meseji. Ukizituma, umempa mwizi ufunguo wa ghala.

Sasa wazazi, mtoto akija kuwaambia, mfanyeje?

Kwanza, msikilizeni. Tapeli akishahamisha hela, anakimbilia kuitoa kwa wakala. Dakika ishirini za kugombana nyumbani ni dakika ishirini mnazompa yeye. Tena mtoto aliyechapwa leo kwa kusema, kesho atanyamaza, na hasara itakuwa kubwa zaidi.

Pili, badilisheni namba ya siri saa hiyo hiyo. M-Pesa ni *150*00#, Mixx by Yas ni *150*01#, Airtel Money ni *150*60# na HaloPesa ni *150*88#. Kama ni akaunti ya benki, ipigieni benki.

Tatu, pigeni 100, huduma kwa wateja wa mtandao wenu. Elezeni kilichotokea na muombe akaunti izuiwe. Msifute meseji hata moja, huo ni ushahidi.

Nne, ipelekeni meseji ya tapeli kwenye namba 15040 ya TCRA, halafu mkaripoti polisi. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko hapa hapa Mbeya.

Tano, kama mtoto alitoa namba ya NIDA, bonyezeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa jina lenu. Mkikuta msiyoijua, nendeni kwenye duka la kampuni ya simu ikafutwe.

Jamani, hela haitarudi kila mara. Ikishatolewa kwa wakala, kuipata ni kazi. Ndiyo maana nasisitiza kusema mapema.

Na tusingoje mpaka yatokee. Wekeni utaratibu nyumbani: mtoto amsomee mama meseji, lakini namba ya siri mama aibonyeze mwenyewe. Isiwe mwaka wa kuzaliwa. Kama mama hajui kusoma vizuri, tarakimu nne anaweza kuzikariri. Mbona bei za sokoni anazikumbuka zote? Na huduma kwa wateja halisi wanapiga kwa namba 100 tu, wala hawaulizi namba ya siri. Anayepiga kwa namba ya kawaida akijifanya mhudumu, kateni simu.

Vijana, neno la mwisho ni lenu. Ukishatuma kitu ukaanza kuwa na wasiwasi, usingoje uhakika. Mwambie mzazi. Ukiogopa fimbo, nenda kwa shangazi, mjomba au mwalimu unayemwamini, akusindikize nyumbani. Ukiona mawazo yamekuzidi, unataka kutoroka au kujidhuru, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Hela ya viazi ikipotea, msimu mwingine upo. Wewe hakuna msimu utakaokurudisha.

 Haya, maswali!