Kaka, kile kikombe si uchawi!

(Mazungumzo na vijana wa kijiwe kimoja mjini Kahama. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakuwapo.)

Ndugu zangu, asanteni kwa benchi na asanteni kwa kahawa. Najua baadhi yenu mmekuja kwa sababu mliambiwa nitazungumzia dhahabu. Dhahabu itakuwapo, msiwe na wasiwasi, lakini leo nataka tuzungumze habari ya hedhi. Haya, chekeni kwanza mmalize, nawasubiri. Hata mimi nilicheka.

Na wewe msomaji uliyelikunja gazeti ili jirani yako kwenye daladala asione unasoma nini, usikimbilie ukurasa wa michezo. Habari hii inaingia mfukoni mwako, na huenda inaingia nyumbani mwako bila wewe kujua.

Mimi si daktari. Nimeishia kidato cha nne, na kalamu ndiyo inayonilisha, siku inapotaka kunilisha. Nitakayosema mengine nimeyaona kwa macho, mengine nimeyasoma na kuwauliza wanaojua.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtembelea kaka yangu machimboni, upande wa Geita. Kaka ana fungu lake katika duara moja, na shemeji anaosha marudio mwaloni. Mnajua kazi zilivyogawanywa kule: mwanaume anashuka shimoni, mwanamke anabaki juu akiponda mawe, akibeba maji, akichekecha mchanga na kupika. Asubuhi naamka nakuta sufuria ndogo inachemka jikoni. Nikafunua nikitarajia yai. Ndani ya maji nikaona kitu laini, cheupe, mfano wa kengele ndogo, kina kimkia chini. Nikamuuliza shemeji kama siku hizi wanapika vipuri vya pikipiki. Kwa shemeji utani ni ruksa. Lakini siku ile hakucheka. Alininyang'anya mfuniko akafunika sufuria, akatazama mlangoni kama mtu anayeogopa polisi.

Alikuwa anamwogopa mumewe.

Kile kilikuwa kikombe cha hedhi. Shemeji alikuwa amekinunua Sh. 25,000, fedha alizojikusanyia kwa majuma mengi kwa kuosha marudio, yaani ule mchanga ambao wanaume wameshauosha wakautupa. Alikuwa amekitumia miezi minne bila kaka kujua. Mwezi wa tano kaka akakikuta, na balaa likaanza hapo. Duara lao lilikuwa halijatoa kitu kwa muda mrefu, na mtu asiyepata dhahabu hutafuta mchawi. Akaona mke wake ana chombo cha kukingia damu, tena anakificha, tena anakichemsha alfajiri. Akahitimisha kwamba damu ile inapelekwa kwa mganga ili kufukuza mali. Akakitumbukiza chooni.

Ninyi mliowahi kukaa machimboni hamtashangaa. Imani ipo tangu zamani kwamba mwanamke aliye katika siku zake akisogea dualani dhahabu inakimbia, na sehemu nyingi mwanamke hakaribii mdomo wa duara kabisa, awe katika siku zake au asiwe. Kanda hii yetu inajua imani za utajiri zinaweza kumfikisha mtu wapi. Tangu mwaka 2007 tumezika ndugu zetu wenye ualbino waliouawa kwa sababu ya upuuzi wa namna hiyo. Lakini nijibuni: hii dhahabu inayokimbia damu ya mwanamke, mbona haikimbii baruti? Mbona haikimbii zebaki? Katika mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, wanawake wanafanya kazi, na sijasikia kwamba wanaulizwa getini kama wapo mwezini. Dhahabu inatoka, inapakiwa kwenye ndege, sisi tunabaki kugombea magwangala!

Basi shemeji alirudi kwenye vipande vya khanga. Kitambaa hakina ubaya kikifuliwa kwa maji ya kutosha na sabuni na kuanikwa juani. Lakini kambini, ambako nyumba ni turubai na kamba ya nguo iko mbele ya macho ya wanaume mia, nani ataanika kitambaa cha hedhi juani? Wanakianika chini ya godoro. Kinakaa na unyevu, na unyevu unazaa muwasho na harufu. Halafu sisi ndio wa kwanza kusema fulani ananuka.

Sasa niwaeleze chombo chenyewe, maana tunaogopa tusichokijua. Ni kikombe kidogo cha silikoni ya kitabibu, kinakunjika. Mwanamke ananawa mikono, anakikunja, anakiingiza ukeni, nacho kinafunguka na kushika kuta. Kinakinga damu badala ya kuinyonya kama pedi. Anaweza kukaa nacho hadi saa kumi na mbili, akakitoa, akamwaga, akakisuuza na kukirudisha. Siku zikiisha anakichemsha na kukihifadhi. Hakiwezi kupotelea tumboni, kwa sababu mlango wa kizazi hauruhusu. Hakizuii mimba wala magonjwa, na hakiazimwi kama kijiko. Wala si uzushi wa jana: mwaka 1937 mwanamke wa Kimarekani, Leona Chalmers, alipata hataza ya kikombe cha mpira cha kazi hiyo hiyo, kisha ikaja Vita Kuu ya Pili na mpira ukaadimika.

Wanawake wenyewe wanasemaje? Tuvuke ziwa kidogo twende Siaya, Kenya, kwa sababu kule watafiti walifuatilia jambo hili kwa makini, kwa watu wanaoishi kama sisi. Walichukua wasichana 751 wa shule za msingi, wa miaka 14 hadi 16. Wengine walipewa vikombe, wengine pedi kila mwezi, wengine wakaendelea na walichozoea. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mwanzo ulikuwa mgumu. Wasichana walikitazama wakaona ni kikubwa, wakaogopa maumivu, na walichukua miezi kukizoea, mmoja akijifunza kwa mwenzake. Watafiti walikuwa wajanja: walitazama rangi ya kikombe, maana kinachotumika hubadilika rangi na kinachokaa kabatini hubaki kipya. Vingine viliangukia chooni, bila msaada wa kaka yangu.

Maambukizi ya zinaa yalikuwa asilimia 4.2 kwa waliopewa vikombe au pedi, na asilimia 7.7 kwa wale waliobaki na mambo ya zamani. Uke kuvurugika bakteria wake, kule kunakoleta majimaji na harufu, kulikuwa asilimia 12.9 kwa wenye vikombe, na karibu 20 kwa wengine wote. Ila nisiwadanganye kama wauza dawa wa stendi: kikombe hakikupunguza wasichana kuacha shule. Na vikombe vilipopimwa, vya wanaoanza vilikutwa na vijidudu vya kinyesi kuliko vya waliozoea, maana wanaoanza wanashikashika sana na mikono haijanawiwa vizuri.

Hapo kwenye mikono, machimboni tuna letu peke yetu. Mama anayekamata dhahabu kwa zebaki kwa kiganja kitupu, halafu anakwenda kujihudumia kwa kiganja hicho hicho, anaingiza sumu mwilini. Bomba la ziwa lililozinduliwa mwaka 2009 kutoka Ihelele lilileta maji Kahama na Shinyanga, lakini kambini maji ni ya dumu na dumu ni la kununua. Kikombe kinahitaji maji machache kuliko kufua matambara, huo ni ukweli, lakini hayo machache lazima yawe safi, na sabuni iwepo, na choo kiwe na mlango. Anayegawa vikombe bila kuuliza habari ya choo na maji anataka picha ya gazetini. Na mwanamke mwenye kitanzi cha uzazi wa mpango amuulize muuguzi kwanza, kwa sababu kikombe kikivutwa vibaya kinaweza kutoka na kitanzi.

Mapitio ya tafiti 43 kutoka nchi mbalimbali, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalikuta kwamba saba katika kila kumi waliokijaribu walitaka kuendelea nacho. Kwa uvujaji hakikuzidiwa na pedi. Ule ugonjwa wa sumu ya bakteria ambao watu wanautaja kutishana uliripotiwa kwa watu watano tu.

Tuje kwenye fedha, hapo ndipo naona mmekaa vizuri. Tuchukue pakiti ya pedi kwa Sh. 2,500. Mwanamke mwenye damu nyingi anamaliza pakiti mbili kwa mwezi: Sh. 5,000. Kwa mwaka Sh. 60,000. Kile kikombe cha Sh. 25,000 kikitunzwa kinaweza kufika miaka kumi. Kaka yangu, kwa hasira ya dakika moja, alitupa chooni pedi za miaka kumi. Mmewahi kuona mtu akitupa laki sita chooni?

Na katika Sh. 2,500 hizo, serikali ina mkono wake. Alikuwapo mbunge wa viti maalum wa upinzani kutoka Geita, Upendo Peneza, aliyekuwa bungeni kwa Chadema kati ya 2015 na 2020, ambaye alipigia kelele taulo za kike wakati waheshimiwa wengine wanainamisha vichwa kwa aibu. Bajeti ya Juni 2018, Waziri wa Fedha Philip Mpango akaondoa VAT ya asilimia 18 kwenye pedi. Tukapiga makofi. Juni 2019 waziri huyo huyo akairudisha, kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Jamani! Mfanyabiashara amekula punguzo, anayeadhibiwa ni binti wa Nyarugusu? Kwenye bajeti hiyo hiyo, mwekezaji mpya wa kiwanda cha pedi alipunguziwa kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Mwenye kiwanda akapata chake, mwenye hedhi akarudishiwa kodi. Kenya waliiondoa tangu mwaka 2004.

Nimeona mnatikisa vichwa kwa serikali. Vizuri. Sasa tikiseni na kwenu.

Kule kule Siaya, utafiti mwingine wa mwaka 2015 ulikuta kwamba msichana mmoja katika kila kumi wa miaka 15 alikiri kulala na mwanaume ili apate fedha ya pedi. Mmoja katika kumi! Nani alikuwa anatoa fedha hiyo? Si waziri. Ni mtu wa kijiweni, mwenye pikipiki, mwenye duka, mwenye fungu kwenye duara. Msiniambie hapa Kahama, Maganzo na Katoro hakuna "hela ya pedi". Neno lenyewe mnalitumia, nimewasikia. Wewe unaita zawadi, na unaitoa jioni, na unataka uulizwe umerudi lini. Binti mwenye kikombe chake hahitaji zawadi yako ya kila mwezi, na nadhani hilo ndilo linalowaudhi wengine kuliko habari ya uchawi.

Swali la bikira najua linakuja, nimeona kijana wa kofia nyekundu anajikuna. Ndiyo, kikombe kinaweza kuchana kizinda. Kizinda huweza kuchanika hata bila mwanaume, na wengine huzaliwa nacho kidogo sana. Bikira ni mtu ambaye hajalala na mwanaume. Silikoni si mwanaume. Na lile la kwamba kinalegeza uke: mtoto wa kilo tatu anapita pale na mambo yanarudi, sembuse kikombe cha kukunja kwa vidole viwili?

Nimalizie na kaka, maana najua mnataka kujua. Alipokitupa, shemeji hakupiga kelele. Alikaa mwezi mzima bila kwenda mwaloni siku zake zilipofika, na siku hizo chungu kilikuwa kitupu, maana ni marudio yake yaliyokuwa yananunua unga wakati duara limelala. Kaka hakusoma utafiti wowote. Alihesabu siku ambazo hakula. Duara nalo liliendelea kutotoa kitu, na safari hii hakukuwa na kikombe cha kusingizia.

Mwaka jana nilipokuwa naondoka kwao kwenda Mwanza, alinisindikiza hadi barabarani. Akanipa noti tatu za elfu kumi zilizokunjwa zikawa ndogo kama karanga, akatazama pembeni, akaniambia nikifika mjini niulize kwenye duka la dawa vile vikombe vya wanawake. Nikamuuliza saizi gani. Akasema hajui kama vina saizi.

Vina saizi. Kwa kawaida ni mbili, cha ambaye hajazaa na cha aliyezaa, na shemeji amezaa wawili. Nilinunua cha pili hicho, na chenji nikanunua sabuni.

Mwenye swali aulize, hata wewe wa kofia nyekundu.