Kerezo Lililouzwa kwa Kilo

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya utunzaji wa mali za kudumu. Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya rejesta na namna ya kukokotoa uchakavu, lakini hayo mmeyasikia kwangu mara nyingi, na wengine wenu mliyasikia huku mkisinzia. Leo nitazungumza juu ya kerezo moja, yaani mashine ya kukereza vyuma, ambayo mafundi wa mjini huiita lezi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja ambacho sitakitaja. Nikaona hati za malipo, moja baada ya nyingine, kwa fundi yule yule: bushi za mashine ya kukoboa, shafti, pini za trela. Fedha hazikuwa kidogo, nami nikaona ni wajibu wangu kwenda kuhakikisha kwamba fundi huyo yupo. Nilimkuta nyumbani kwake, chini ya banda la mabati nyuma ya jiko, akikereza. Nilipoisogelea mashine nikaona ubavuni mwake namba ya rangi nyeupe. Ilikuwa namba ya rejesta ya chama kile kile.

Kamati ilikuwa imeiuza mnadani kwa kilo, kama chuma chakavu, kwa sababu vitabuni thamani yake ilikwisha kuwa sifuri. Uuzaji ulikuwa halali. Muhtasari upo, stakabadhi ipo, mkaguzi hana la kuandika. Hata hivyo chama kilikuwa kikinunua bushi zilizokerezwa kwa mashine iliyokuwa yake.

Ndugu zangu, uchakavu wa kitabuni ni njia ya kugawa gharama ya mashine katika miaka ya matumizi yake. Kalamu ikifika sifuri, chuma hakina habari.

Nilimwuliza fundi alifanya nini. Alisema kwamba mwezi wa kwanza hakufanya ila kupaka mafuta na kungoja. Kila kilichoganda alikilowesha kwa mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akakigonga polepole kwa nyundo ya mti, akakiacha hadi kesho yake. Kitanda na kichwa cha kerezo ni chuma cha kusubu, na chuma hicho hakipindi. Kikipigwa kwa hasira huvunjika. Kila kipande alichokifungua alikitia alama na kukichora daftarini. Daftari hilo nililiona, na nakiri lilikuwa safi kuliko rejesta za vyama vingi ninavyovikagua.

Halafu alinionyesha kosa la mafundi wa chama. Mashine ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, na bolti zake zilikuwa za kipimo cha Joseph Whitworth, mhandisi aliyekipendekeza mwaka 1841. Bolti ya nusu inchi ya kipimo hicho ina mapindi 12 katika kila inchi, yaani kila pindi husogea karibu milimita 2.12. Bolti ya kawaida ya milimita 12 husogea milimita 1.75, na hata pembe ya mapindi si moja: ya Whitworth ni digrii 55, ya milimita ni digrii 60. Bolti ya milimita ikitiwa katika tundu la nusu inchi itazunguka mara moja au mbili kwa ulegevu, kisha itakaza, na mtu akidhani ni kutu atavuta spana kwa nguvu. Matundu matatu yalikuwa yameharibiwa hivyo. Kigari kinachobeba kisu kikawa kinatikisika, kazi ikatoka mbaya, na kamati ikaambiwa mashine imezeeka.

Juu ya kuzeeka kwenyewe yako mambo ya kujua. Kitanda cha kerezo hulika zaidi karibu na kichwa, kwa kuwa kazi nyingi hufanyika hapo, na mwisho wa pili hubaki karibu kama ulivyotoka kiwandani. Kaza vibanio vya kigari mpaka kisicheze hapo kilipolika, kisha kisukume kuelekea mwisho wa pili. Kikikwama njiani, kitanda kimelika sana. Kikienda mpaka mwisho kwa uzito ule ule, bado mnayo mashine. Jaribio hili halihitaji cheti cha ufundi, na mjumbe yeyote wa kamati aweza kulifanya kabla ya kuinua mkono wa kukubali mnada.

Lililomsumbua zaidi ni umeme. Mota ya kerezo ilikuwa ya fezi tatu, na nyumba yake ilikuwa na fezi moja, kama nyumba nyingi. Aliiweka kando akafunga mota ya fezi moja. Siku hizi kipo pia kifaa cha elektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, na mota ya zamani ikabaki mahali pake. Lakini kazi hiyo apewe fundi umeme, asiguse mtu wa daftari kama mimi.

Mimi mwenyewe niliambukizwa ugonjwa huo. Nilinunua mashine ndogo ya kutobolea iliyokuwa imeganda kwa kutu (niliinunua kwa fundi baiskeli, si kwa chama ninachokikagua, msije mkaniandikia barua). Kutu niliitoa kwa magadi ya kufulia: kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne za maji, ndani ya ndoo ya plastiki, na chaja ya betri ya volti 12. Kipande chenye kutu hufungwa upande wa hasi, na chuma kisicho na kazi upande wa chanya, visigusane. Chuma hicho cha chanya kisiwe kile kisichoshika kutu, kwa kuwa hutoa sumu majini. Wala chumvi isitiwe badala ya magadi, kwa kuwa huweza kutoa hewa ya klorini. Fanyeni nje, mbali na moto, maana mapovu yale yana hewa inayowaka. Mara ya kwanza nilifunga waya kinyume, nikala chuma cha mashine yangu mwenyewe usiku mzima.

Sisemi kila mashine ifufuliwe. Kitanda kikiwa na ufa, au giya zikiwa zimepotea na hakuna wa kuzichonga, uzeni.

Ndugu Mwenyekiti, nimeona katika ajenda za mikutano mikuu ijayo kwamba vyama viwili vilivyo hapa vinakusudia kuuza mashine za karakana kwa kilo. Naomba makatibu wa vyama hivyo tuonane baada ya chai. Nitafika kwenu kabla ya mkutano, na yule fundi amekubali kuja nami. Karakana iwe imefunguliwa, na ufunguo usiwe umesafiri na mtunza ghala.