Osiloskopu kwa Karakana ya Nyumbani: Analojia au Dijitali?



Tangu mitambo ya televisheni ya analojia ilipoanza kuzimwa hapa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012, neno "analojia" limekuwa vinywani mwa wengi jina la kitu kilichokufa. Ndiyo maana kijana anayejifunza kutengeneza redio na vikuza sauti, akiingia dukani kutafuta osiloskopu, huambiwa upesi: chukua ya dijitali, ile nyingine imepitwa na wakati. Leo twataka kulipima neno hilo, kwa kuwa fedha inayohusika huwa ni akiba ya miezi mingi.

Osiloskopu ni chombo kinachochora jinsi umeme unavyopanda na kushuka kadiri muda unavyopita. Ya analojia hufanya kazi hiyo kwa mwali wa elektroni ndani ya kioo cha aina aliyoibuni Ferdinand Braun huko Ujerumani mwaka 1897: volti huusukuma mwali juu na chini huku ukienda kushoto hadi kulia. Ya dijitali huupima umeme mara nyingi kwa sekunde, huzihifadhi namba, kisha huzichora.

Kutokana na hilo, ya dijitali ina uwezo ambao mwenzake wa kawaida hana: hukamata jambo linalotokea mara moja tu. Mshtuko wa umeme saketi inapowashwa, au msimbo unaotumwa na rimoti, hubaki kiooni ukatazamwa kwa utulivu. Kwenye ya analojia hupita kabla jicho halijapepesa. Anayeshughulika na vidhibiti vidogo vya kompyuta hana sababu ya kusita.

Lakini anayetengeneza vikuza sauti hutazama mawimbi yanayojirudia, na sikio la binadamu halivuki masafa ya kilohezi 20 hivi. Osiloskopu kuukuu ya analojia ya megahezi 20 humtosha na kumbakia. Tena haina hila ya sampuli. Fikirini chombo cha dijitali chenye kumbukumbu ya nukta 2,500 kilichowekwa kuonyesha sekunde 1 nzima: kitapima mara 2,500 tu katika sekunde hiyo, na wimbi la hezi 2,490 litaonekana kana kwamba ni la hezi 10. Picha itakuwa safi, tulivu, na ya uongo. Dawa yake ni kubadili kipimo cha muda na kuangalia kama wimbi linabaki lilelile, ila mwanafunzi hufundishwa hilo na nani?

Udanganyifu wa dukani, hata hivyo, hukaa zaidi kwenye namba za boksi. Zipo mbili, nazo si kitu kimoja: upana wa masafa na kasi ya sampuli. Vile vifaa vidogo vya bei nafuu vya kujiunganishia mwenyewe huwa na upana wa kilohezi 200 na sampuli milioni 1 kwa sekunde. Vyafaa kwa sauti, lakini aliyesoma "200" akadhani ni megahezi amenunua kitu kingine kabisa. Tunashauri kasi ya sampuli isipungue mara 5 ya upana wa masafa, na muulize kama kasi hiyo hugawanywa. Chombo cha sampuli bilioni 1 kwa sekunde chenye njia 4 huweza kushuka hadi milioni 250 kwa kila njia zote zikitumika.

Kwa maoni yetu, anayenunua chombo kimoja tu achague cha dijitali chenye njia 2 na megahezi 50 au zaidi. Cha analojia tunakikubali kikiwa cha bei ndogo, kimejaribiwa, na kazi ni ya sauti. Vingi ni mitumba, vizito, na kioo kikiungua hakipatikani kwa urahisi. Ndani yake mna maelfu ya volti, ambazo kapasita huweza kuzihifadhi hata baada ya plagi kuchomolewa, asiyejua asikifungue.

Kuhusu hatari, iko moja ambayo haibagui aina. Kibanio cha waya mweusi wa probu, katika osiloskopu ya mezani, kimeunganishwa na waya wa ethi kwenye plagi. Mkikibana upande wa umeme wa mtaani wa pawasaplai, ambako volti 230 zikigeuzwa hufika kama 325, mtazalisha shoti papo hapo. Wapo wanaokata waya wa ethi ili kuepuka shoti hiyo. Hapo bodi lote la chombo huweza kuwa na umeme, na mkono wa fundi ndio unaofuata. Tumieni transfoma ya kutenganisha kwa kile kinachotengenezwa, si kwa osiloskopu.

Siku ya kununua, kiacheni chombo kikiwaka kwa nusu saa. Unganisheni probu kwenye kile kincha cha majaribio mbele ya chombo, ambacho kwa kawaida hutoa wimbi la mraba la kilohezi 1. Pembe zake zinyooke baada ya kurekebisha skrubu ya probu. Zungusheni kila kitufe, kwa kila njia. Kisha daini risiti iliyoandikwa modeli, upana wa masafa, na muda wa dhamana, kabla fedha haijatoka mkononi.