Atichoki Mbili Zinatosha



Kila baada ya miaka michache hapa kwetu huibuka zao la kututajirisha wote. Ilikuwa mbono kaburi, tukaambiwa mafuta yake yataendesha magari. Wakaja kware, mayai yao yakasemwa yanatibu kila ugonjwa. Leo naizungumzia atichoki mapema, kabla haijaingia kwenye foleni hiyo, kwa sababu ni mmea ninaoupenda na nisingetaka uharibiwe na mahesabu ya kwenye karatasi.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, atichoki ni ukoo mmoja na alizeti na mchunga. Majani yake ni marefu, yamechanikachanika, rangi yake kijani kilichopauka kama kilichonyunyiziwa majivu. Mmea mmoja ukishamiri hutanuka zaidi ya mita moja. Kinacholiwa ni tumba la ua kabla halijachanua, lenye ukubwa wa ngumi, magamba yake yamelaliana. Waitaliano, Wahispania na ndugu zetu wa Misri wanailima kwa wingi.

Sasa hapa ndipo Mlima Meru unapoingia kwenye habari hii. Unaweza kuilisha atichoki samadi mpaka ikafurika majani, lakini tumba halitoki mpaka mmea upigwe na baridi. Aina nyingi za kawaida huhitaji saa kama 250 za baridi ya chini ya nyuzi 10. Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hata Julai, ile ya kuvaa makoti, usiku mwingi huishia nyuzi 12 au 13. Kwa hiyo mtu wa Njiro anaweza kumwagilia mwaka mzima akaambulia majani. Joto hupungua nyuzi kama 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, ndiyo maana aliye juu Olmotonyi, au kwenye vijiji vya mlimani juu ya Nkoaranga, ana nafasi kubwa zaidi kuliko sisi wa bondeni. Wa bondeni tutafute mbegu ya Imperial Star, iliyozalishwa California makusudi ili itoe matumba mwaka wa kwanza bila kudai baridi nyingi.

Kalenda nayo ifuate mlima. Sia mbegu kwenye kitalu Februari, hamisha miche Aprili mvua za masika zikiwa zimekolea, ili Juni ikifika mmea uwe umeshakomaa kiasi cha kuisikia baridi. Matumba uyatazamie kuanzia Septemba. Yakichelewa yakakutwa na jua kali, hufunguka haraka na kuwa magumu.

Udongo wetu mweusi wa volkano unaufaa sana mmea huu, maana unapitisha maji. Wenye udongo wa mbuga, ule unaopasuka kiangazi na kunata masika, wainue matuta, la sivyo mizizi itaoza. Weka ndoo nzima ya samadi iliyooza katika kila shimo, na shimo hadi shimo iwe mita moja na zaidi. Na usiifiche chini ya migomba! Najua bustani zetu za Meru, kahawa chini, mgomba juu, na kila upenyo umejazwa kitu. Atichoki haivumilii kivuli hicho, inataka jua la wazi. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20 chenye nyumba, choo na banda la kuku, hapo umebakiwa na nafasi ya mashina mawili.

Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, geuza jani lililo karibu na tumba. Utakuta vidukari wamejipanga kwenye mshipa wa kati. Waoshe kwa maji ya sabuni mapema, kwa sababu wakishaingia kati ya magamba huwatoi.

Baada ya mavuno, kata shina karibu na ardhi. Mkulima wa migomba hana la kufundishwa hapa: mama hutoa machipukizi, unabakiza mawili, mengine unayang'oa na mizizi yake unayapanda kwingine. Ni njia ya uhakika kuliko mbegu, kwani miche ya mbegu hutofautiana, mingine ikatoka na miiba. Shina moja likitunzwa hudumu miaka minne au mitano.

Haya, jikoni. Kata ncha za magamba, paka limau palipokatwa pasiwe peusi, chemsha kama dakika 40. Chomoa gamba moja moja, kwangua kwa meno ile nyama kidogo ya chini. Ukifika katikati, ondoa manyoya yote, ndipo ule kitovu chake laini. Kitamu kweli. Ila kuila tu ni nusu saa ya kazi, na tumbo bado linauliza loshoro iko wapi.

Ndiyo maana ukiipeleka soko la Tengeru Jumamosi, mama wa mnavu na ngogwe atamaliza fungu lake wewe bado unaeleza inavyoliwa. Hapo hapo Tengeru, kituo cha utafiti wa mboga cha kimataifa kimekuwepo tangu 1992, na mnavu, mchicha na nyanya chungu ni kati ya mboga kilizozishughulikia sana. Mnunuzi wa atichoki ni hoteli na kambi za watalii, na mpishi wa hoteli anataka mzigo kila wiki, wakati mmea wako unatoa kwa msimu.

Kama bado unaitamani nusu eka, vuna matumba machache ya nyumbani, uyapeleke jikoni kwa mpishi. Muulize anataka mangapi kwa wiki, miezi ipi, na analipa baada ya siku ngapi. Akikuandikia, anza kuchimba mashimo.