Kazi ni Haki ya Kila Mtu



Sisi tunaofanya kazi shambani pamoja na wenzetu wenye ulemavu wa akili huulizwa mara nyingi: "Hao wanaweza nini?" Swali hilo si geni. Mwaka 1939 utawala wa Hitler nchini Ujerumani ulianza kuwaua watu wa namna hiyo, ukiwahesabu kuwa mzigo. Lakini mwaka 1940, karibu na Aberdeen huko Uskoti, daktari Karl König, mkimbizi kutoka Austria, pamoja na wenzake, walianzisha jumuiya ya Camphill ili waishi na watoto wenye ulemavu huo. Mwaka 1955 kikafuata Botton, Uingereza, kijiji cha watu wazima waliolima na kufuga bega kwa bega na wasaidizi wao.

Nasi tumejifunza kwamba kazi ikigawanywa hatua kwa hatua, kila mmoja hupata sehemu yake: huyu huteka maji, yule hulisha kuku, mwingine hupalilia tuta moja hadi mwisho. Asipofika, kuku hushinda na njaa. Ndipo ajuapo kwamba anahitajiwa.

Lakini tujihadhari. Kumtumikisha mtu bila ujira si huruma, ni dhuluma. Kumficha chumbani wageni wajapo ni dhuluma vilevile. Basi turudipo nyumbani tuwafungulie milango, tushike jembe pamoja nao, na mavuno tugawane.