Kabla ya Kumpa Mtu Uso Wako

(Mazungumzo ya mwanachama, muuguzi mstaafu, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi chetu)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya afya. Najua wengi mlitegemea nizungumzie presha au malaria. Leo nitazungumzia sindano za urembo, zile za kujaza midomo na mashavu, ambazo vijana wanaziita filla. Msicheke. Fedha za kikundi hiki zimekwishaingia huko, na fomu ya mkopo niliitia saini mimi.

Mwenzetu mmoja ameniruhusu nieleze yaliyompata bila kumtaja jina. Alikopa, akaandika "kuongeza mtaji", nami nikamdhamini bila kuuliza sana. Sehemu ya fedha ile alimpelekea mtu aliyekuwa anachoma sindano katika chumba cha nyuma cha saluni. Pale pale mdomo wa juu ukageuka mweupe na kuuma mno. Akaambiwa, "Kawaida hiyo dada, weka barafu." Usiku ukatoka mabaka ya zambarau. Alipokuja kwangu ilikuwa siku ya tatu, na ngozi ilikwishaanza kufa. Hospitali walimhangaikia, akapona, lakini kovu analo. Mpaka leo akicheka anaziba mdomo kwa kanga.

Kilitokea nini? Filla nyingi zinazotumika siku hizi ni asidi ya hayaluroniki, kitu kama ute mzito. Miili yetu yenyewe ina asidi hiyo. Ikichomwa mahali pake hukaa miezi kadhaa, hata mwaka na zaidi, kisha huyeyuka yenyewe. Lakini uso umejaa mishipa ya damu. Ute ule ukiingia ndani ya mshipa, au ukaubana, damu haipiti, na nyama inayotegemea damu ile hufa. Mishipa mingine ya puani na kwenye paji la uso imeungana na ya jicho. Wako watu waliopofuka kwa njia hiyo. Hutokea mara chache, ila kikitokea ni suala la dakika na saa, si la kusubiri kesho.

Sasa ndugu zangu, tujiulize. Mtu akitaka mkopo hapa tunamtaka wadhamini, tunauliza anakaa wapi, tunakwenda kuiona biashara yake. Mbona anayetushika usoni na sindano hatumuulizi hata jina lake la pili? Nawaachia maswali, myakate mkayabandike ukutani.

Kwanza, wewe ni nani? Awe daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, tena aliyefunzwa kazi hii, hasa wa ngozi au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Cheti cha semina ya siku mbili kilichotundikwa ukutani si usajili. Omba jina kamili, ukahakikishe kwenye Baraza. Wataalamu wa ngozi tunao nchini. Moshi, pale KCMC, kuna kituo kinachowafunza tangu miaka ya 1990.

Pili, unanichoma nini? Uone boksi likifunguliwa mbele yako, usome jina, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Uliza kama imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Akikutajia silikoni ya maji, beba mkoba wako uondoke. Hiyo haiyeyuki, husambaa mwilini, na kuitoa ni kazi kubwa. Vile vile kalamu zinazosukuma filla bila sindano: Oktoba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliwaonya watu wasizitumie.

Tatu, ikiharibika utafanya nini? Ipo dawa ya kuyeyusha asidi ile, inaitwa hayaluronidesi. Iwepo kabatini kabla hujachomwa, na yeye ajue kuitumia. Akibabaika kujibu, umekwishapata jibu.

Nne, vifaa ni vipya? Mwaka 2024 wataalamu wa Marekani walitoa taarifa ya wanawake walioambukizwa Virusi vya UKIMWI katika saluni moja ya jimbo la New Mexico, ambako walichomwachomwa usoni na kupakwa damu kwa ajili ya urembo. Vifaa vya kutumika mara moja vilikuwa vikitumika tena. Huko ni Marekani. Vichochoroni kwetu je?

Tano, je, na yeye amekuuliza? Daktari wa kweli atauliza kama una mimba au unanyonyesha, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, una mzio, au ngozi yako huota makovu makubwa. Mara nyingine atakwambia, "Mama, wewe huhitaji." Huyo mheshimu, amekataa fedha yako kwa faida yako.

Kuvimba kidogo na kuvilia damu siku chache ni kawaida. Lakini maumivu makali, ngozi kuwa nyeupe au yenye mabaka, au macho kuona giza, nenda hospitali saa ile ile, iwe mchana, iwe usiku.

Namalizia kwa jambo linalonichoma. Nilipomuuliza yule binti kwa nini alikaa siku tatu, alisema, "Mama, niliogopa. Fomu niliidanganya, mngenisema kwenye mkutano." Alituogopa sisi! Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii tulimsaidia kuyaficha. Naomba kamati ikubali kwamba mfuko wa dharura utoe fedha ya matibabu kwanza, faini na maswali baadaye. Na mwenye hamu ya kupendeza asione haya kuja kutuuliza. Kupendeza si kosa, hata sisi wazee tunapaka wanja.

Miaka 10 tumelindana mifukoni. Sasa tulindane na nyuso.