Moyo na Urithi wa Ukoo

Shukrani zote ni za Allah (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW).

Ndugu zangu, mara ngapi tumesikia mtu wa miaka 40 ameanguka ghafla, na matangani wazee wakasema, "Babake naye alikwenda hivyo hivyo"? Wengine hunong'ona kuwa nyumba ile ina jicho. Leo tuutizame urithi wenyewe.

Damu hubeba mafuta yaitwayo kolesteroli. Ini lina vipokezi vya kuyadaka mafuta hayo na kuyatoa kwenye damu. Maagizo ya kutengeneza vipokezi hivyo yamo katika jeni tunazorithi kwa baba na mama. Jeni hiyo ikiwa na kasoro, kolesteroli hujaa tangu utotoni, na kidogo kidogo hujibandika ndani ya mishipa mpaka njia inakuwa nyembamba, kama mfereji ulioshika chumvi. Wamarekani Michael Brown na Joseph Goldstein, waliogundua vipokezi hivi, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Kasoro hii iko kwa takriban mtu 1 katika kila 300. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Hata mtu mwembamba, asiyependa mafuta, aweza kuwa nayo.

Je, tuseme ni qadar, tukae? La hasha! Mtume (SAW) ametuhimiza tutafute tiba. Ikiwa baba au kaka alipata maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, nenda ukapime kolesteroli. Ni kipimo cha damu tu. Ikiwa juu sana, ndugu na watoto nao wapimwe. Dawa ziitwazo statini zipo, na humezwa mara 1 kwa siku, kwa hivyo hata mwezi huu zamezeka usiku. Usiziache bila kumuuliza daktari.

Na wewe mvutaji, mchana kutwa umeiweza sigara. Mbona unairudia Magharibi? Sigara na urithi huo vikikutana, hatari huzidi.

Wazazi, msifiche maradhi ya ukoo kwa kuhofia posa za mabinti. Siri hiyo ndiyo inayotuzikia vijana.

Allah atupe afya na azikubali saumu zetu. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum.